Kuomba Hati ya Jaji Mlangoni mwa Shule Si Ukaidi

Na Frateri wa Mwaka wa Tatu, Falsafa



Tarehe 7 Aprili 2025, maofisa wa Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani walifika katika shule mbili za msingi kusini mwa jiji la Los Angeles. Walikuwa wakiwatafuta wanafunzi watano, wa kuanzia darasa la kwanza hadi la sita. Walimu wakuu wa shule zote mbili hawakuwaruhusu kuingia, na maofisa wakaondoka. Msimamizi mkuu wa shule za jiji hilo wakati huo, Alberto Carvalho, ambaye mwenyewe alitoka Ureno akiwa kijana na kuishi Marekani bila vibali, alieleza kwamba maofisa walidai kuwa na ruhusa ya familia za watoto hao, lakini familia zilipoulizwa zikakana. Wizara kwa upande wake ilisema maofisa walikwenda kuangalia hali ya watoto waliovuka mpaka bila wazazi, wala hawakwenda kumkamata mtu.

Habari hii tuliijadili bwaloni, na meza ikagawanyika. Baadhi ya mafrateri wenzangu walisema walimu wale ni mashujaa. Wengine waliuliza: mwalimu mkuu ni nani hata amzuie ofisa wa serikali? Je, Mtume Paulo katika sura ya 13 ya Waraka kwa Warumi hatufundishi kuitii mamlaka iliyo juu yetu? Swali hili la pili ni zito, na halistahili kujibiwa kwa kelele. Ndugu msomaji, naomba nilijibu hapa.

Ninachotaka kusema ni hiki: mwalimu anayemwomba ofisa hati iliyosainiwa na jaji haivunji sheria, bali anailinda. Na shule ambayo haijaamua mapema nani atasimama mlangoni na atasema nini, hiyo ndiyo itakayomsaliti mtoto na sheria kwa pamoja, hata kama viongozi wake ni watu wema.

Sheria yenyewe inasemaje?

Tangu mwaka 2011, maofisa wa ICE, yaani idara ya Marekani inayosimamia uhamiaji na forodha, walikuwa na mwongozo uliowataka wasifanye ukamataji shuleni, hospitalini na kwenye nyumba za ibada, isipokuwa kwa dharura au kwa kibali maalumu cha wakubwa wao. Mwaka 2021 mwongozo huo ulipanuliwa. Tarehe 20 Januari 2025 ukafutwa, na ofisa akaachiwa kutumia busara yake. Wazazi wengi walioisikia habari hiyo walidhani kwamba ulinzi wote wa shule umeondoka siku hiyo.

Haikuwa hivyo. Kilichofutwa ni agizo la ndani la wizara. Katiba ilibaki palepale, na Marekebisho yake ya Nne yanamlinda mtu dhidi ya upekuzi na ukamataji usio na msingi. Hapo ndipo panapokuja tofauti ya karatasi mbili, ambayo kila mlinzi wa getini anapaswa kuijua. Karatasi ya kwanza ni hati ya jaji: imetoka mahakamani, inamtaja mtu au mahali, ina tarehe na saini ya jaji. Shule ikiletewa hati hiyo inafungua mlango. Karatasi ya pili ni hati ya idara: imeandikwa na kusainiwa na ofisa wa uhamiaji mwenyewe. Ofisa anaweza kumkamata mtu kwa hati hiyo barabarani, lakini kwa uelewa wa muda mrefu wa sheria za nchi ile, peke yake haimpi haki ya kupita kwenye darasa au ofisi ambayo haiko wazi kwa umma.

Kuna nguzo nyingine mbili. Mwaka 1974 Marekani ilipitisha sheria ya faragha ya kumbukumbu za wanafunzi, ambayo kwa kawaida inakataza shule kutoa taarifa za mwanafunzi bila idhini ya mzazi, au bila amri halali ya mahakama. Na tarehe 15 Juni 1982, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Plyler dhidi ya Doe. Jimbo la Texas lilikuwa limetunga sheria ya kunyima fedha za elimu watoto walioingia nchini bila vibali, na mji wa Tyler ukawadai ada ya dola 1,000 kwa mwaka. Kwa kura 5 dhidi ya 4, mahakama ilisema hapana.

Kwetu tunaosoma falsafa, sababu ya mahakama inafaa kuangaliwa kwa makini. Marekebisho ya 14 ya Katiba yanatoa ulinzi sawa wa sheria kwa kila mtu. Hayakusema kila raia. Majaji walilishika neno hilo, kisha wakaongeza kwamba mtoto hawezi kuadhibiwa kwa uamuzi uliofanywa na wazazi wake. Nabii Ezekieli alishalisema jambo hilo katika sura ya 18, alipowakataza Waisraeli kuendelea na methali yao ya baba kula zabibu mbichi na meno ya watoto kutiwa ganzi. Tangu hukumu ile, shule nyingi za Marekani zimejizuia kabisa kuuliza hali ya uhamiaji ya mtoto wakati wa kumwandikisha. Ni busara kubwa iliyo katika jambo dogo: ambacho hakikuandikwa kwenye faili hakiwezi kutolewa kwenye faili.

"Lakini sheria ni sheria"

Wenzangu wa upande wa pili wana hoja, na Kanisa haliipuuzi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2241, inafundisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba mataifa yenye uwezo yana wajibu wa kumpokea mgeni kadiri yanavyoweza, na kwamba mamlaka za nchi zinaweza kuweka masharti juu ya uhamiaji kwa ajili ya mafao ya wengi, huku mhamiaji naye akitakiwa kuheshimu sheria za nchi inayompokea. Mkatoliki anayesema kwamba serikali haina haki ya kulinda mipaka yake hasemi linalofundishwa na Kanisa.

Ila tujiulize: sheria ni nini? Mtakatifu Thoma wa Akwino anaieleza kuwa ni agizo la akili, kwa ajili ya mafao ya wengi, lililotolewa na mwenye dhamana ya jamii na kutangazwa. Agizo la akili, siyo matakwa ya mwenye nguvu aliyepo mlangoni wakati huo. Ndiyo maana nchi zinazojiheshimu humtenganisha anayekamata na anayeidhinisha kukamatwa. Wahenga wetu walilijua hili waliposema kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere. Ofisa anayejiandikia kibali mwenyewe anaweza kuwa mtu mwadilifu kabisa, lakini hakuna aliyempima. Kumwomba hati ya jaji ni kuomba akili nyingine, isiyo na haraka ya kazi ile, itazame jambo kabla mlango haujafunguliwa.

Kwa hiyo Mtume Paulo hapingwi mlangoni mwa shule. Mamlaka iliyo juu, katika nchi ile, ni pamoja na Katiba na mahakama. Ofisa naye yuko chini yake. Mwalimu akisema, "Ndugu, naomba kuiona hati ya jaji," anamkumbusha mwenzake kwamba wote wawili wanatii kitu kimoja. Na kama kweli ofisa amekuja kwa wema, kuangalia kama mtoto anakula na kulala vizuri, atapoteza nini akiombwa karatasi?

Jimbo la California limeligeuza jambo hili kuwa sheria. Tarehe 20 Septemba 2025, Gavana Gavin Newsom alisaini sheria inayowazuia watumishi wa shule kuwaruhusu maofisa wa uhamiaji kuingia sehemu zisizo wazi kwa umma bila hati ya jaji, na nyingine inayozitaka shule kuwajulisha wazazi na wanafunzi maofisa hao wanapothibitishwa kuwapo shuleni. Napenda hapo kwamba mzigo umetolewa mabegani mwa mwalimu mmoja mwenye hofu ukawekwa kwenye kanuni.

Ukweli mlangoni

Katika meza yetu mmoja aliuliza: je, mwalimu anaruhusiwa kusema mtoto hayupo wakati yupo? Hapa nadhani tusimame imara. Mtakatifu Thoma anafundisha kwamba si halali kusema uongo hata kwa lengo la kumwokoa mtu na hatari, lakini ni halali kuuficha ukweli kwa busara. Sheria ya faragha inampa mwalimu sentensi ya kweli na inayotosha: "Taarifa za wanafunzi hatutoi bila amri ya mahakama." Hana haja ya kubuni kitu. Asimguse ofisa, asimzuie kwa mwili, asikimbize mtoto kwa mlango wa nyuma. Shule inayomficha mtu anayetafutwa kwa hati halali imetoka kwenye haki yake. Shule inayouliza haijatoka.

Ukweli unatudai jambo lingine tena, nalo ni kutotangaza tusichokijua. Tarehe 24 Januari 2025, siku chache tu baada ya mwongozo kufutwa, maofisa wawili walifika katika shule ya msingi Hamline jijini Chicago. Watumishi walifuata utaratibu, hawakuwaruhusu kuingia, na habari zikaenea kwamba ICE imevamia shule. Baadaye ikajulikana kwamba walikuwa maofisa wa kikosi kinacholinda viongozi wa nchi, na walikuwa wakifuatilia vitisho, siyo uhamiaji. Mambo mawili yanajifunza hapo. La kwanza, utaratibu mzuri unafanya kazi hata kama humjui aliye mbele yako: mlango uliuliza swali lilelile. La pili, tangazo la haraka linaweza kuwatia hofu maelfu ya wazazi kwa jambo ambalo halikutokea. Anayewalinda wanyonge awe wa kwanza kuhakikisha habari kabla ya kuituma kwenye kikundi cha WhatsApp.

Vyuo vikuu: hatari iko kwenye kumbukumbu

Kwa shule ya msingi swali ni geti. Kwa chuo kikuu mambo ni mapana zaidi, kwa sababu kampasi ina barabara, mabweni, maktaba na nyumba za kupanga, na mwanafunzi wa kigeni amesajiliwa katika mfumo wa serikali ambao chuo kinalazimika kuujaza. Machi 8, 2025, Mahmoud Khalil, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia na mwenye ukaazi wa kudumu, alikamatwa usiku kwenye jengo la makazi linalomilikiwa na chuo hicho jijini New York. Aliachiwa Juni 20. Machi 25, Rümeysa Öztürk, mwanafunzi wa uzamivu kutoka Uturuki katika Chuo Kikuu cha Tufts, alikamatwa barabarani karibu na nyumbani kwake huko Somerville, Massachusetts. Mwaka mmoja kabla alikuwa ameshiriki kuandika makala ya maoni katika gazeti la wanafunzi. Aliachiwa Mei 9 kwa amri ya jaji.

Katika majira hayohayo, rekodi za maelfu ya wanafunzi wa kigeni zilifutwa katika mfumo wa serikali. Vyuo vingi viligundua kwa kuchungulia tu mfumo, bila kuarifiwa. Wanafunzi walikwenda mahakamani, na tarehe 25 Aprili serikali ikatangaza kuzirejesha.

Chuo kifanye nini hapo, wakati mwanafunzi amekamatwa barabarani ambako hakuna mlango wa kufunga? Tufts ilifanya jambo ambalo nalithamini. Ilipeleka mahakamani tamko la maandishi la rais wake, ikieleza kwamba haina taarifa yoyote ya kuunga mkono madai dhidi ya mwanafunzi huyo, na kwamba makala yake haikuvunja kanuni za chuo. Haikumwaga hasira wala haikukaa kimya. Ilisema inachokijua, kwa kiapo, mahali panaposikilizwa. Taasisi zetu nyingi, za Kanisa zikiwamo, hupenda kutoa matamko marefu ya kusikitishwa. Mwanafunzi aliye kizuizini anahitaji zaidi ushahidi mfupi ulio mbele ya jaji, wakili wa kumtetea, na mkuu wa idara atakayemtunzia nafasi yake ya masomo.

Geti peke yake halitoshi

Sasa niseme jambo linalonisumbua zaidi. Shule inaweza kufanya yote hayo vizuri, na bado darasa likawa tupu. Thomas Dee, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, alichunguza mahudhurio katika wilaya tano za shule kwenye Bonde la Kati la California. Baada ya misako ya Januari 2025, utoro wa kila siku uliongezeka kwa asilimia 22 katika Januari na Februari, na walioathirika zaidi ni watoto wadogo. Misako ile haikufanyika madarasani. Huko Charlotte, North Carolina, Jumatatu ya tarehe 17 Novemba 2025, baada ya operesheni ya uhamiaji kuanza mwishoni mwa wiki, zaidi ya wanafunzi 20,000 hawakufika shuleni. Na Januari 2026 shule za umma za Minneapolis zilifungwa kwa siku mbili kwa sababu za usalama, kisha wanafunzi wakapewa nafasi ya kusoma mtandaoni wakiwa nyumbani.

Siwalaumu walioamua hivyo. Lakini tuone gharama yake. Kwa watoto wengi wa maskini, shuleni ndiko kuliko na mlo wa uhakika, muuguzi, na mtu mzima wa kumweleza shida. Haki iliyolindwa mwaka 1982 inaweza kufa bila jaji kuifuta, kwa mama kuogopa tu kumpeleka mtoto kituo cha basi.

Maaskofu Katoliki wa Marekani waliliona hili. Katika ujumbe wao maalumu wa tarehe 12 Novemba 2025, walieleza huzuni yao kwa wazazi wanaoogopa kukamatwa wanapowapeleka watoto shule, na wakapinga kufukuzwa kwa watu wengi bila kuchagua. Miezi michache kabla, Julai, Askofu Alberto Rojas wa San Bernardino alikuwa amewaondolea waamini wanaoogopa misako wajibu wa kuhudhuria Misa ya Dominika. Askofu anapofikia hapo, maana yake ni kwamba tatizo limeshavuka mlango, limefika njiani.

Basi shule iliyo makini inaangalia pia njia na nyumba. Inawaita wazazi waandike upya majina ya watu wa kumchukua mtoto, wawili au watatu, ili mzazi asiporudi jioni mtoto asibaki amekaa kwenye ngazi na mkoba wake. Inamteua mtumishi mmoja wa kuzungumza na maofisa, na mwingine wa kushika nafasi yake akiwa mgonjwa. Inaweka namba ya wakili ukutani. Inapanga watu wazima wa kutembea na watoto kutoka kituoni. Inawaeleza wazazi haya yote kwa lugha wanayoielewa.

Hapo kwenye lugha jambo linatugusa sisi moja kwa moja. Wakongo ni miongoni mwa makundi makubwa ya wakimbizi waliopokelewa Marekani katika miaka ya karibuni, na wengi wao ni watu wa Kiswahili. Hao waliingia kwa njia halali, lakini hofu haichagui vibali. Mama aliyetoka Kivu akiona gari lisilo na alama limesimama karibu na shule hakumbuki kwanza hadhi yake kisheria, anakumbuka alikotoka. Karatasi ya haki iliyoandikwa kwa Kiingereza haimsaidii. Mapadre na masista wetu wanaosoma na kuhudumu huko wanaweza kumsomea, kumfafanulia, na kusimama naye ofisini kwa mwalimu mkuu. Ni utume usiohitaji bajeti.

Tunaoandaliwa

Mafrateri wenzangu, baadhi yetu Mungu akipenda tutakuwa mapadre, na padre mara nyingi hukabidhiwa shule. Wachache watatumwa ng'ambo, pengine katika parokia zenye shule hizo ninazozungumzia. Shule ya parokia ni mali ya Kanisa, na ina haki ileile ya kuuliza hati kabla ya kufungua darasa. Lakini haki hiyo haina maana kama paroko hajawahi kuisoma, kama katibu wa ofisi hajafundishwa tofauti ya karatasi mbili, na kama siku ya tukio kila mmoja anamtazama mwenzake. Ujasiri usioandaliwa huishia kwenye vurugu au kwenye woga. Fadhila ya busara tunayoisoma kwenye vitabu vya Maadili ndiyo inayomtaka mtu aamue Jumatatu kwa utulivu atakalolifanya Alhamisi kwa presha.

Nanyi waamini wenye ndugu kule, waulizeni katika simu ya Dominika maswali mawili tu: nani ameandikwa shuleni kumchukua mtoto usipofika? Na je, mtoto mwenyewe anamjua mtu huyo? Tuwaombee walimu walioko milangoni, na maofisa pia, kwa kuwa nao wana dhamiri na wana watoto. Bwana wetu alibebwa kwenda Misri akiwa mchanga, usiku, kwa sababu ya mtawala. Injili haitutajii jina la mtu yeyote aliyempokea huko.